Majivu Juu ya Paneli

1.

TANGAZO

Wananchi wote wanaarifiwa kwamba Jumamosi kutakuwa na msaragambo, kazi ya pamoja, katika maegesho ya magari ya stendi. Kila kaya ilete ndoo, majivu na mchanga laini. Paneli za sola tulizojenga kwa michango yetu zisuguliwe mpaka zing'ae.

Mwl. Elinihaki Mshana
Mwenyekiti

2.

Msomaji, usimcheke. Mwalimu Elinihaki alikagua kucha za watoto wa Same tangu enzi ambazo viatu vilikuwa anasa. Kwake, kilichosuguliwa kwa majivu ndicho kilicho safi. Paneli zile, zilizoezekwa juu ya magari ziyape kivuli na kuiwashia zahanati friji ya chanjo, alizitazama kama sufuria zilizoingia vumbi.

3.

Mkutanoni alisimama mjukuu wake, Nakijwa, fundi aliyezifunga. Alieleza kwa adabu kwamba kioo kile huchubuka. Maji na kitambaa laini vyatosha.

Babu yake alimjibu mbele ya umma:

"Keti. Nilikusomesha uje unifundishe kuosha?"

Watu walicheka.

Akaketi.

4.

(yaliyosikika juu ya ngazi, Jumamosi)

— Sugua taratibu, Mama Eliapenda, huo si mgongo wa mumeo.

— Wa mume wangu haujapata kung'aa hivi.

5.

Ukungu.

Si ule unaoshuka kutoka Milima ya Pare. Huu ulikuwa umo kwenye kioo chenyewe,

na haukuoshika.

6.

TAARIFA YA ZAHANATI

Kutokana na upungufu wa umeme, chanjo zimehamishiwa hospitali ya wilaya. Akina mama wenye watoto wachanga watazifuata huko hadi itakapotangazwa vinginevyo.

7.

Mwalimu alisimama wima mkutanoni, akasema kosa ni lake peke yake, akauachia uenyekiti. Safari hii hakuna aliyecheka. Lakini Nakijwa hakuwapo kusikia. Alikwisha kwenda Mtwara kufunga paneli za watu wengine. Watu ambao, alisema mama yake akimenya ndizi bila kuinua macho, humsikiliza.

8.

Mwalimu alimpigia Nakijwa simu.

"Shikamoo, babu."

Miaka yote marahaba ilimtoka kabla salamu haijakamilika. Sasa haikutoka. Aliona haya kuipokea.

Kule Mtwara nati ilikuwa ikikazwa. Ikanyamaza.

"Mjukuu wangu," alisema, "leo usiniamkie. Nimepiga mimi, nami ndiye ninayepaswa kukuomba radhi."

Simu haikukatwa.