Kung'oa Paa Mara ya Pili

Dhoruba iliyopiga vijiji vya juu ya Molo mwezi wa nne haikumaliza hata nusu saa. Ilianza na mvua ya mawe, kisha upepo, na upepo huo ukalibeba paa la nyumba ya Mugure, mabati pamoja na mbao zake, ukalitupa katikati ya shamba la viazi. Mugure alikuwa zizini akikamua. Alipofika nyumbani mbio alimkuta mama mkwe wake, Cucu Wachuka, ameketi kitandani chini ya mbingu tupu, amejifunika sufuria kichwani.

"Mugure," Cucu akasema, "mlango nimeufunga, lakini sijui kama unasaidia."

Cucu alikuwa na miaka themanini na sita na kifua kilichomsumbua kila msimu wa mvua. Kwa baridi ya Molo, kumlaza bila paa wiki nzima ilikuwa sawa na kumchimbia kaburi. Kwa hiyo kanisa likamwazima Mugure mabati yaliyonunuliwa kwa ajili ya darasa la Sunday School, kila bati likiwa na herufi S.S. za rangi nyekundu, na Jumamosi wanaume wakaja kuezeka. Aliyewaongoza ni jirani yake Kipruto, ambaye nyumba yake mwenyewe ilikuwa imeachwa kuta tupu.

"Na wewe je?" Mugure alimuuliza.

"Wewe uko na mgonjwa. Sisi tutangoja. Chifu alisema kwa baraza serikali italeta mabati, wiki mbili hivi." Kipruto na mkewe Jepkemboi wakafunga turubai kando ya nyumba yao, wakaingia humo na vyombo vyao.

Wiki mbili zikapita. Mugure akashuka hadi ofisi ya wadi kujiandikisha. Kwenye meza ya kwanza alikaa msichana mpole aliyeitwa Shantel, ambaye alimwambia alete nakala ya kitambulisho na barua ya chifu. Alipozileta, kesho yake, Shantel alimwambia barua haina mhuri. Chifu alikuwa Nakuru kwenye semina hadi Ijumaa. Mhuri ulipopatikana, ikawa picha.

"Picha ya nini?"

"Ya nyumba vile iliharibika, mum. Siku hiyo ya dhoruba."

"Siku hiyo nilikuwa nimebeba mtu mzima mgongoni kwa mvua ya mawe. Ningeshika simu na mkono gani?"

Shantel alitazama fomu kana kwamba jibu lingeweza kuwa limeandikwa huko. "Basi utangoja afisa wa kukagua. Akikuja atapiga yeye mwenyewe."

Afisa wa kukagua alikuja wiki ya saba, Jumanne saa nne asubuhi, kwa pikipiki. Aliitwa Gedion, kijana mwenye adabu aliyevaa jaketi la kung'aa na kubeba tableti ndani ya karatasi ya nailoni. Kwa Kipruto hakukawia. Alipiga picha kuta tupu, akabonyeza, akaaga. Kisha akaingia uani kwa Mugure, akainua macho, akasimama.

"Mathe, hii iko sawa."

"Haiko sawa. Haya mabati ni ya kanisa. Nimeazimwa tu. Angalia, yameandikwa S.S."

Gedion akaangalia. "Nimeona. Lakini hapa kwa sistimu kuna chaguo tatu tu. Imeharibika kabisa, imeharibika sehemu, haijaharibika. Hakuna mahali pa kuandika kanisa."

"Andika chini, kwa maelezo."

"Maelezo yanafunguka ukiwa umeweka picha ya uharibifu. Bila picha inakataa." Akamwonyesha kioo. Kweli ilikataa. "Mimi sina shida na wewe. Mimi naandika kile naona."

Mugure alivuta pumzi. Alifikiria zile safari za ofisini, siku alizoacha maziwa yakilala ili akapange foleni, na mzee wa kanisa aliyemuuliza Jumapili, kwa upole uliomchoma zaidi kuliko ukali, kama watoto wataendelea kusomea chini ya mti hadi Krismasi.

"Kwa hivyo ningemwacha Cucu anyeshewe wiki saba, ungeniandika?"

Gedion akashusha tableti. "Sheria si yangu, mathe."

"Sawa. Unataka kuona? Ngoja hapo."

Aliingia ndani, akamshika Cucu mkono na kumpeleka jikoni karibu na moto. Kisha akatoa ngazi nyuma ya zizi, akachukua nyundo, akafunga leso kiunoni na kupanda.

"Mathe! Shuka, utaanguka!"

"Wewe andika kile unaona!"

Msumari wa kwanza ulitoka ukilia. Bati la kwanza likateleza na kuanguka uani kwa kishindo, kuku wakatawanyika. Kipruto alisikia, akaja mbio akidhani upepo umerudi, akamkuta Mugure amekaa juu ya boriti, uso umemwiva kwa hasira, akipigania msumari wa bati la pili.

"Mugure, umeshikwa na nini?"

"Huyu anataka kuona uharibifu. Namwonyesha."

Kipruto alimtazama Gedion, akatazama paa alilolipigilia kwa mikono yake mwenyewe, akacheka bila furaha. Kisha akapanda upande wa pili. "Lete hiyo nyundo. Hivyo utayapinda mabati."

Mlango wa jikoni ukafunguka. "Mugure," Cucu akaita, "unabomoa nyumba ya mwanangu?"

"Ninaiandikisha, Cucu. Rudi kwa moto."

Walipofika bati la sita, Mugure aliinama akauliza kutoka juu, "Kabisa ni ngapi?"

"Ni zaidi ya nusu," Gedion akasema kwa sauti ndogo.

Wakaendelea hadi nusu ikapita. Gedion akapiga picha kutoka uani, akapiga nyingine kutoka mlangoni, kitanda cha Cucu kikionekana wazi chini ya boriti. Kisha kidole chake kikasita.

"Inauliza chanzo. Upepo, mafuriko, maporomoko ama moto. Nitaandika aje? Ni wewe umeing'oa."

"Tarehe ya dhoruba unayo hapo?"

"Niko nayo."

"Siku hiyo ni nani aliing'oa?"

Gedion alibonyeza neno upepo. Tableti ikakubali, kwa mlio mfupi wa furaha.

Wakati huo wingu jeusi lilikuwa tayari limekaa upande wa msitu wa Mau. Gedion aliliangalia, akavua jaketi lake, akalitundika kwenye usukani wa pikipiki na kuanza kuwapitishia mabati juu, moja baada ya jingine. Wao hawakumwambia asante. Mvua iliwakuta wamebakisha mawili, na wote watatu, Mugure, Kipruto na yule afisa, wakalowa pamoja na paa.

Mabati yalikuja mwezi wa saba. Watu waliitwa saa mbili kwenye uwanja wa shule, hotuba zikaanza saa sita. Kila aliyesimama alimshukuru aliyemtangulia. Jina la Mugure lilisomwa saa tisa. Alipewa mabati, bila misumari na bila kofia za paa, na mpiga picha akamwelekeza asimame kando ya lundo.

"Tabasamu kidogo, mathe. Na useme neno moja la shukrani." Kipaza sauti kikawekwa mkononi mwake.

Mugure hakutabasamu. "Naitwa Mugure. Asante kwa mabati. Jirani yangu Kipruto amesimama pale nyuma. Alikaguliwa siku moja na mimi, nyumba yake ni kuta tu, na orodha imesomwa hadi mwisho bila jina lake. Yeye na mkewe wako chini ya turubai tangu mwezi wa nne. Kabla sijashukuru tena, nani anaweza kuniambia ni kwa nini?"

Mheshimiwa mmoja aliangalia saa. Shantel, aliyekuwa mezani na orodha, alipekua kurasa hadi masikio yakamwiva.

"Iko hapa," akasema mwishowe. "Imeandikwa haikaliwi na mtu."

"Ingekaliwa aje na haina paa?" Kipruto akapaza sauti kutoka nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo watu wakapiga makofi bila kuambiwa.

Kipaza sauti kilichukuliwa taratibu kutoka mikononi mwa Mugure. Kipruto akaambiwa aende ofisini Jumatatu, na asisahau barua ya chifu.

Jumatatu walienda wote wawili. Mugure alirudi naye Jumatano, na wiki iliyofuata tena, kwa sababu Kipruto akiwa peke yake alikuwa mwepesi wa kusema ni sawa. Mabati ya kanisa yalirudishwa na darasa likaezekwa. Ya Kipruto yalifika mwezi wa tisa. Misumari alinunua mwenyewe.