Mguu wa Nyamai

Mutindi alimgeuza mumewe ubavu taratibu, mguu unaovutwa na kamba usije ukatikisika, akaanza kumpaka mafuta kidonda kilichomtoka mgongoni kwa kulala. Kitheka aliuma shuka. Kitanda cha pili, alikolazwa mdogo wake Nyamai, kilikuwa na mgonjwa mwingine sasa.

Ndugu hao walianguka pamoja, pikipiki moja, wakitoka kuuza mbuzi Ikutha. Wote wawili walivunjika paja. Walilazwa wakitazamana, na wake zao, Mutindi na Wavinya, wakalala sakafuni wakijifunika leso moja. Kabla juma halijaisha Nyamai akahamishiwa kwingine, akatiwa chuma, akaenda nyumbani.

Mutindi alikwenda kuuliza. Karani wa bima hakuinua macho kwenye simu yake.

"Mama, bima ya serikali haijabagua mtu. Imelipia wote sawa."

"Mbona mmoja amepasuliwa na mwingine bado?"

"Ya serikali inalipa kwanza. Ikifika kikomo, ya kampuni inamalizia. Huyo Nyamai si ni dereva wa kampuni huko Kambu? Ako na kadi ya pili. Hizo mbili zinasaidiana vizuri sana." Akatabasamu. "Wako anamaliziwa na nani?"

"Yeye ni wa kulima ndengu."

"Basi mtangoja, mama."

Tangu hapo Mutindi hakuweza kumtazama Wavinya usoni. Wavinya alipoleta uji, aliupokea, akashukuru, kisha akaenda kuumwaga nyuma ya vyoo, na huku Kitheka ana njaa. Jumapili Wavinya alisimama kanisani kutoa ushuhuda. "Mungu ametuona," alisema, na watu wakapiga vigelegele. Mutindi akaitikia amina pamoja nao. Yaani sisi hakutuona?

Asubuhi hii daktari alipita, akaubonyeza mguu wa Kitheka, akasema mfupa umeanza kuunga vibaya. Hata akifanyiwa upasuaji sasa, huenda akachechemea maisha. Kisha akaenda kitanda kingine.

Saa ya kuona wagonjwa Nyamai akaingia, anatembea, gongo moja tu kwapani. Wanaume waliofungwa kamba miguuni waligeuza shingo kumtazama.

"Pole, kaka," alisema, hajui aweke wapi macho.

"Hebu tembea nione," Kitheka akasema.

Nyamai akatembea hadi dirishani, akarudi.

"Acha hilo gongo. Tembea tena."

"Kaka..."

"Tembea!"

Hangeweza kumkatalia mkubwa wake. Aliliegemeza gongo ukutani, akaanza kwenda katikati ya vitanda, jasho likimtiririka, na Kitheka akimfuata kwa macho kama mtoto. Mutindi, mikono bado ina mafuta, aliutazama mguu ule ukikanyaga sakafu, ukiinuka, ukikanyaga tena. Akafumba macho na kuomba, kwa moyo wake wote, uvunjike.