Taa za Kijani za Garland

Sadock alikuwa na hadithi moja tu, na kila aliyemfahamu huko Houston alikuwa ameshaichoka. Umkaribishe chai, umpe lifti, ukae naye msibani, lazima akufikishe Minsk, alikosomea kompyuta enzi za Wasovieti. "Msidhani hawakuwa na akili," angeanza. Walikuwa na mashine zao nzuri, zilizobuniwa na watu wao. Lakini kila wizara ilitengeneza ya kwake na kumficha mwenzake, viwanda vikasifiwa kwa wingi wa mashine hata kama haziwaki, na mwisho wakubwa wakaamua: acheni kubuni, nakilini ya Mmarekani. Wakanakili. Walipomaliza, Mmarekani alikuwa ameshafika mbele zaidi. Na wahandisi walioliona shimo walinyamaza, maana mleta habari mbaya ndiye aliyegeuzwa mbaya.

Hapo Sadock hucheka na kutikisa kichwa, akiwasikitikia Warusi. Nyani haoni kundule.

Kwa maana mwaka ule wa 2017 yeye mwenyewe alikuwa amenakili. Aliajiriwa na Kwamboka, muuguzi Mkenya aliyefungua kampuni ya kuhudumia wagonjwa majumbani, hapo mtaa wa Sharpstown. Sadock alikuwa ameanza kumbunia programu ya kuangalia mashine za oksijeni za wagonjwa wake. Kwamboka akachoka kungoja. Binamu yake alikuwa na kampuni kama hiyo kule Garland, karibu na Dallas, na programu yake ilifanya kazi bila matata.

"Achana na hizo design zako," akamwambia. "Binamu amekubali. Leta ile ya Garland vile iko."

Sadock alitaka kusema kwamba kitu cha mtu hakiigwi kabla hujajua kwa nini kilifanywa hivyo. Lakini alikuwa na miaka hamsini na kitu, na hii ndiyo kazi ya kwanza ya kompyuta aliyoipata Texas baada ya kulinda maegesho ya magari hadi magoti yakauma. Akanakili kila kitu, mpaka rangi. Kwenye ramani kila mgonjwa alikuwa nukta: kijani ni salama, nyekundu ni hatari.

Mwezi Agosti kikaja kimbunga Harvey. Mvua ilinyesha kama mtu aliyesahau kufunga bomba, na Jumapili asubuhi barabara zote za Sharpstown zilikuwa zimegeuka mito. Kwamboka na Sadock walikuwa wamelala ofisini, ghorofa ya pili juu ya duka la vitambaa. Sadock akawasha skrini, maana upande wao umeme ulikuwepo bado. Ramani yote ilikuwa ya kijani.

"Mungu ni mwema!" Kwamboka akasema, karibu alie. Hapo hapo akawaandikia jamaa wa wagonjwa wote: *Tunawaona wote. Wote wako salama.* Simu yake ikajaa shukrani kutoka Dallas, kutoka Nairobi, kutoka Moshi.

Sadock alitaka kufurahi naye. Lakini alisimama dirishani, na kutoka pale aliyaona majengo ya mtaa wa nyuma anakoishi mgonjwa wao Mwalimu Elirehema, mstaafu kutoka Moshi, mtu pekee ambaye bado aliisikiliza hadithi ya Minsk mpaka mwisho. Majengo yote yalikuwa giza. Hata taa za nje zinazowaka mchana na usiku zilikuwa zimezimika. Bila umeme mashine ya oksijeni haifanyi kazi, na chumba cha Mwalimu kilikuwa cha chini kabisa. Akarudi kwenye skrini. Nukta ya Mwalimu ilikuwa kijani kibichi.

Akaingia chooni na simu, akampigia Celestine, Mtanzania mwenzake aliyekuwa akiiangalia programu hiyo kule Garland.

"Celestine, mashine ikikosa umeme, nukta inakuwa rangi gani?"

"Inabaki ile ile ya mwisho, kaka Sadock. Mashine ikinyamaza, programu haijui kitu."

"Sasa nyie mnajuaje?"

"Si nawapigia!" Alishangaa kuulizwa. "Kila asubuhi nawajulia hali, mmoja mmoja. Shikamoo mama, umeamkaje, umekula? Asiyepokea ndiye tunayemfuata. Ile rangi tunaiwekea wageni tu, bosi anapenda. Kwani huko nani anawasalimia?"

Kwao Houston hakuna aliyewasalimia. Sadock alikuwa amechukua programu yote ya Garland, akamwacha Celestine, na Celestine ndiye aliyekuwa programu yenyewe.

Alitoka chooni. Kwamboka alikuwa kwenye simu. "Ndiyo, namwona hapa, ako green, usijali kabisa." Sadock akasimama nyuma ya kiti chake. Aliogopa, na tuseme ukweli, hakuogopa maji. Alimwogopa mwanamke huyu mfupi mwenye simu mbili, aliogopa kibanda cha maegesho, aliogopa kuitwa mzembe mbele ya Waswahili wote wa Texas. Kwamboka akamaliza simu hiyo, akapokea nyingine, na Sadock bado amesimama kama mlingoti. Kila dakika aliyonyamaza, Mwalimu alikuwa akivuta pumzi za mwisho za mtungi wake mdogo wa akiba, kama alikuwa nao.

"Madam," akasema hatimaye. "Rangi zinadanganya."

Akaeleza. Kwamboka akamkodolea macho. "Sadock, usinichezee. Nishaambia kila family. Unataka niwaambie nini sasa? Ati nilidanganya?"

"Waambie hatuwaoni. Na tuwapigie wote sasa hivi."

Sadock alidhani atamfukuza hapo hapo. Kwamboka aliangalia ramani yake nzuri, mkono mdomoni, kisha akavuta simu ya mezani na kuanza kupiga. Wa kwanza akapokea. Wa pili akapokea. Mwalimu Elirehema hakupokea.

Sadock akashuka ngazi mbio. Maji ya barabarani yalimfika kiunoni, ya baridi, yananuka mafuta na vinyesi. Hakujua kuogelea. Alishikilia uzio, akashikilia mti, akashikilia gari lililoelea, midomo ikisema sala ambazo hakuzisema tangu utotoni. Alipofika, mlango wa Mwalimu ulikuwa wazi na kitanda kinaelea ndani. Akapiga ukelele mdogo wa hofu.

"Nani huyo?" sauti ikauliza juu.

Sadock akapanda ngazi. Mwalimu alikuwa kwenye roshani ya ghorofa ya pili, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Majirani walikuwa wamembeba hadi hapo, kisha wao wakaondoka. Mrija wa oksijeni ulikuwa puani, na mshale wa mtungi mdogo ulikuwa umelala karibu kabisa na sifuri. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya bluu.

"Shikamoo, Mwalimu. Mbona hukuondoka na wenzako?"

"Marahaba." Alivuta pumzi kwa shida. "Mashua ya waokoaji imekuja... mara mbili. Nikasema wachukueni... wenye watoto. Mwanangu amenipigia kutoka Dallas, kabla simu haijazimika. Akasema tulia baba, ofisi inakuona. Sadock ndiye... aliyeitengeneza." Akatabasamu. "Basi nikatulia."

Sadock alihisi baridi iliyozidi ile ya maji. Angeweza kunyamaza hata hapa, na mzee asingejua kamwe.

"Mwalimu, hatukuwa tunakuona," akasema. "Tangu umeme ulipokatika hatukuwa tunakuona kabisa."

Kutoka nyuma ya jengo la pili ikasikika injini ya mashua, inakwenda zake.

"Basi... waite," Mwalimu akasema. "Mimi sina pumzi."

Sadock, ambaye maisha yake yote alizungumza chini chini mbele ya wakubwa, akaegemea ukingo wa roshani na kupiga kelele. Akaita kwa Kiswahili, akaita kwa Kiingereza, akaita bila maneno. Akaendelea mpaka koo likachanika, mpaka injini kule nyuma ikazimwa, na mtu akauliza kwa sauti kuu: kuna nani huko?