Fundi Bomba Maporomokoni

Asubuhi ya Jumapili, kabla hawajatoka nyumbani, Mama Pacha alimsimamisha mumewe mlangoni akampekua mifuko kama askari wa forodha.

"Geuka."

"Mke wangu, mimi si mwizi."

"Mwizi ningemwamini. Geuka."

Mfuko wa nyuma ukatoa spana ndogo. Soksi ya kushoto ikatoa utepe mweupe, ule wa kuzungushia nyuzi za bomba. Baba Pacha aliutazama utepe kwa mshangao, kana kwamba ulikuwa umempanda mguuni wenyewe. Vyote viliachwa juu ya kabati la viatu. Simu ya kazi ilikuwa imeshabaki karakanani kwa mafundi wenzake tangu jana.

Mama Pacha alikuwa mwalimu wa hesabu, na kwa miaka mingi Jumapili zake alizitumia na kundi la watembezi wa msituni. Alirudi jioni na matope hadi magotini, uso umemng'aa, akisimulia korongo hili na maporomoko yale. Kila mara mumewe aliahidi kwenda naye, na kila mara dari ya mtu fulani ilianza kudondosha maji. Baba Pacha alikuwa fundi bomba, na maji hayajui Jumapili. Hata harusi za watu alizihudhuria na mikono ya shati iliyolowa.

Juzi, akimenya viazi, mkewe alisema bila hata kuinua macho, "Hii ndiyo mara ya mwisho nakualika. Sijakasirika. Nimechoka tu kukuwekea nafasi kwenye gari."

Hilo la kutokukasirika ndilo lililomtia hofu. Hasira za mkewe alizizoea na alijua pa kuzifungia. Utulivu ule haukuwa na koki. Usiku huo alijiapia: waende wakashinde huko, warudi pamoja, na asiguse bomba la mtu.

Safari ilianza vizuri. Mwenyekiti wa kundi, karani mstaafu wa posta, alivaa filimbi shingoni na kutangaza masharti yake: asiyeaga haruhusiwi kutoka kwenye mstari. Nyuma yake alikuwa daktari wa meno, mama mnene mwenye fimbo na kicheko cha karibu.

"Leo shemeji kaja," alisema daktari. "Shemeji, ukisikia maji yanamwagika usishtuke. Hayo yameruhusiwa."

"Na bili anapelekewa nani?" akauliza Baba Pacha, na mstari mzima ukacheka.

Walipita kwenye maporomoko madogo, yaliyoteremka juu ya jiwe jeusi kama shuka lililoanikwa vibaya. Kisha wakaingia korongoni. Kuta za mawe zilisimama huku na huku, zimeota majani laini yaliyotiririsha umande, na jua lilifika chini likiwa vipande vipande. Njia ilikuwa ya mawe yenye utelezi. Penye jiwe baya, Mama Pacha alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, kama mtu anayejua hakika kuna mtu. Baba Pacha akaushika. Akajiuliza mkono ule umenyooshwa Jumapili ngapi, ukashikwa na daktari wa meno.

Walipotoka korongoni njia ilipita kando ya kitalu cha miche cha ofisi ya msitu. Na hapo alilisikia kabla ya kuliona: sss, sss, sss. Bomba jeusi la plastiki lilikuwa limefumuka kwenye kiungo, maji yanaruka na kuchimba tuta zima. Miche michanga ilikuwa imelala ubavu kwenye tope, mizizi nje.

Alipiga hatua mbele. Akapiga nyingine. Sss, likasema bomba.

"Mwenyekiti, naomba ruhusa nijisaidie. Dakika mbili."

"Usikawie, shemeji. Maporomoko makubwa yapo hapo mbele."

Dakika mbili za fundi bomba zina tabia ya kuzaa. Hakuwa na spana wala utepe. Alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungiwa mkate wake, na alikuwa na kamba za viatu. Aliutia mkate mfukoni mwa suruali, akakunja nailoni, akaizungushia kiungo, akakaza kwa kamba ya kiatu cha kulia hadi vidole vikauma. Kisha, kwa kuwa hakuweza kuiacha miche imelala vile, akaisimamisha mmoja mmoja na kuirudishia udongo. Alipoinua kichwa, msitu ulikuwa kimya. Watu hawapo. Na mbele kidogo, njia iligawanyika.

Mtu mwingine angesubiri au angeita. Baba Pacha alitazama bomba. Akili yake ikamwambia: maji haya yametoka wapi kama si kwenye maporomoko? Basi lifuate bomba, litakufikisha kwa mkeo. Akalifuata, kiatu kikipiga makofi, akashangaa kidogo kwamba njia inapanda na haiachi kupanda. Alishika mizizi, akaparamia mawe, akafika mahali palipo wazi.

Alikuwa amefika kwenye maporomoko, hakukosea. Ila bomba la kitalu huteka maji juu, ili yashuke yenyewe, jambo ambalo amewaeleza wateja maisha yake yote. Alikuwa kichwani pa maporomoko. Watu walikuwa miguuni.

Alikumbatia mti akachungulia. Chini kabisa, kwenye mawe ya kando ya bwawa, kundi lilikuwa linakula. Mtandio wa njano wa mkewe ulikuwa umekaa pembeni peke yake. Kando yake lilitandikwa taulo, na juu ya taulo hapakuwa na mtu.

Aliita. Maji yakaimeza sauti nzima. Akavua shati akalipunga. Daktari wa meno ndiye aliyemwona kwanza, akaonyesha kwa fimbo, na wote wakasimama. Mama Pacha alitazama juu kwa muda mrefu. Hakupunga mkono. Alikunja taulo, akalitia ndani ya mkoba wake wa begani, akasema neno na Mwenyekiti, akatoweka kwenye miti.

Basi ndiyo imekwisha, alijisemea. Amerudi kwenye gari. Aligeuka kukimbilia chini, lakini filimbi ikalia, na Mwenyekiti alikuwa anamwashiria kwa mikono yote miwili: kaa hapo hapo. Akavaa shati lake, akakaa kama mtoto aliyepewa adhabu. Alikaa sana. Alitafuta maneno ya kusema, na yote aliyoyapata yalikuwa yale yale ya Jumapili zilizopita.

Vichaka vikasukumwa. Mama Pacha akatokea na fimbo ya daktari, anahema.

"Limevuja wapi?"

"Nani kasema limevuja?"

Alikitazama kiatu kisicho na kamba.

"Kitaluni," akakiri. "Miche ilikuwa inaoga tope."

"Limekauka?"

"Linadondoka kidogo."

"Pole yake." Akakaa, si karibu naye, kwenye jiwe la pili.

"Nilijua umekwenda kwenye gari."

"Mwenyekiti alinishauri hivyo."

"Mbona umekuja?"

Mama Pacha alifuta jasho kwa ncha ya mtandio. "Nilidhani umerudi mjini. Nimekaa pale nimeshakuhukumu, nimeshakusahau, nakula mkate wangu. Nikakuona huku juu kama nyani aliyeibiwa. Nikafurahi. Halafu nikaudhika kwamba nimefurahi."

"Nilikuwa nakutafuta."

"Kwa kufuata bomba."

"Ndiyo njia ninayoijua."

Alicheka, kwa pua kwanza, kisha kwa mabega. Mbele yao maji yalipita kimya, mapana, hayana haraka, hadi kwenye ukingo, kisha hayakuwepo. Baba Pacha aliyatazama yakienda. Mikono yake ilikaa juu ya magoti, haitafuti kitu.

"Huku sijawahi kufika," alisema mkewe. "Sisi wote tunaishia chini."

"Jumapili ijayo mnakwenda wapi?"

"Wao wanakwenda korongo la ng'ambo. Wewe sijakualika. Nilisema leo mwisho, na nikisema nimesema."

"Sawa. Basi mimi ndiye nakualika wewe."

"Kwenda wapi?"

"Sijui. Wewe ndiye mwenyeji wa msitu. Utanionyesha, nami nitatembea mbele yako, unione."

"Na bomba likilia njiani?"

Alifikiri kwa uaminifu, maana hilo lilistahili jibu la kweli. "Nitakuita tulizibe wote."

 Mama Pacha alitoa taulo mkobani, akalikung'uta, akalitandika, akasogea hadi ukingoni mwa jiwe lake ili ibaki nafasi ya mtu wa pili.

"Njoo ukae," akasema. "Mkate wako umelowa mfukoni."