Daftari la Uwanja wa Vumbi

Nina maoni, na simwombi mtu radhi kwa kuwa nayo. Ukiniuliza ununue simu gani, nitakwambia ununue ya mwaka juzi, maana ya mwaka huu bado inajaribiwa, na anayejaribiwa nayo ni wewe. Ukiniuliza gari gani linakwenda mbio, nitataka kwanza kujua matairi yako yana umri gani. Na ukiniambia kwamba matusi ya kwenye kundi la WhatsApp la kijiji ni mjadala, nitakucheka mbele ya mkeo. Mjadala ni wa kgotlani, kwenye baraza la kijiji. Pale unavaa koti hata jua likiwaka, unavua kofia, unasimama mbele ya Kgosi, chifu wetu, na majirani, na kila mtu anauona uso wako unaposema upuuzi.

Kazi yangu ni kuwahifadhia watu tovuti zao. Kanisa likitaka ratiba yake ya ibada isomwe hadi Gaborone, au mwenye bucha akitaka bei zake zionekane, mashine zinazobeba vitu hivyo ziko kwangu hapa Letsopeng, nyuma ya duka la vipuri, katika chumba chenye baridi kuliko mochwari. Nina wateja mia na arobaini. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyepoteza hata picha ya mbuzi wake, na hilo nalisema kwa sauti.

Sasa, habari ya uwanja. Hapa kwetu vijana wanapenda kuzungusha magari: unachukua BMW kuukuu, unakanyaga mafuta, unakata usukani, gari linazunguka mahali pamoja mpaka moshi wa matairi unaifunika mbingu. Zamani walifanya hivyo kwenye barabara kuu. Mdogo wangu Thuso alikuwa mmoja wao, na miaka saba iliyopita, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, alifia huko ndani ya gari langu, kwa funguo nilizompa mwenyewe. Nililia, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kumwomba Kgosi kipande cha ardhi tupu kando ya kijiji, vijana wazungushie magari yao huko. Nikaweka matairi kukizunguka, ndoo za mchanga, na daftari.

Daftari lenyewe lilikuwa kwenye kompyuta, nimeliunda kwa mikono yangu. Kila Jumamosi kwa miaka sita tuliandika nani ameendesha, breki zake zimekaguliwa na nani, nani ameumia na wapi. Kidole kimoja kilichovunjika. Mkono ulioungua kidogo. Kifo, hakuna. Hilo ndilo lililokuwa jibu langu kwa yeyote aliyesema uwanja ule ni wazimu.

Aliyesema hivyo kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mma Gofaone, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa wembe. Mwezi wa tatu alimzika mumewe. Sisi huzika Jumamosi, alfajiri, na makaburi hayako mbali na uwanja. Siku hiyo mazishi yalichelewa kwa sababu ya ndugu waliotoka Francistown, na vijana wangu wakaanza mapema. Matairi yakapiga kelele juu ya sala ya mwisho mpaka mchungaji akanyamaza. Mma Gofaone akaandika kwenye kundi kwamba uwanja ufungwe. Nami nilikuwa nimechoka, nina njaa, nikamjibu: "Wafu hawasikii kelele."

Ndiyo, mimi huyuhuyu ninayewacheka watu wa WhatsApp. Ulimi hauna mfupa, na kidole cha kuandikia ndiyo kabisa.

Jambo likafika kgotlani. Kgosi akasikiliza pande zote, kisha akasema Jumatatu itakayofuata atatoa uamuzi. Akanitazama mimi akasema kwamba kila siku najisifu nina daftari linaloonyesha kuwa uwanja unaokoa watoto, basi nilete, liwekwe ukutani, kila mtu alisome. Likithibitisha, uwanja utabaki. Lisipothibitisha, utazungushiwa uzio wapewe watu wenye ng'ombe. Nikarudi nyumbani nikitembea kama aliyekwisha kushinda.

Katika kazi yetu kuna sheria moja ambayo hata mlevi anaiheshimu: Ijumaa usiguse kitu. Ukiharibu Jumanne, una siku tatu za kutengeneza. Ukiharibu Ijumaa, una Jumamosi na Jumapili za kulia. Warona, ninayefanya naye kazi, aliibandika sheria hiyo mlangoni kwa wino mwekundu. Lakini Alhamisi ile ilikuja seva mpya kutoka Johannesburg, yenye kasi mara nne ya ile ya zamani, na mimi kitu chenye kasi hakiwezi kulala ndani ya boksi nikakiacha. Ijumaa mchana Warona akasema haraka haraka haina baraka, tusubiri Jumanne. Nikamwambia yeye anaendesha maisha kwa gia ya pili. Nikahamisha kila kitu, nikajaribu tovuti za wateja zote mia na arobaini, zikafunguka kwa kupepesa jicho. Kisha nikafuta diski za zamani ili nizitumie kwa kazi nyingine. Nilikwenda kulala nikiwa na furaha.

Jumapili baada ya ibada nikafungua daftari la uwanja ili nilipange kwa ajili ya kesho. Halikuwepo.

Tovuti za wateja zilikuwa kwenye orodha ya kuhamishwa. Daftari, kwa kuwa ni langu, nililiweka zamani mahali pake pembeni, nje ya orodha. Sikutishika. Kila usiku kuna programu inayochukua nakala ya akiba, na kila asubuhi inaniletea ujumbe: nakala imefanikiwa. Nimeusoma ujumbe huo na chai yangu kwa miaka. Nikampigia Warona, akaja na magwinya, maandazi ya kwetu, kwenye karatasi, tukaifungua ile nakala. Ndani hamkuwa na kitu. Miaka miwili nyuma nililihamisha daftari kutoka kabati moja la kompyuta hadi jingine, nikasahau kuiambia programu. Ikaendelea kunakili kabati tupu, usiku baada ya usiku, na kuniletea habari njema. Na nakala za kabla ya hapo nilikuwa nimezifuta ili kuokoa nafasi. Wateja huwa nawafungulia nakala zao kila mwezi kuona kama ni nzima. Yangu sikuwahi kuifungua hata mara moja. Mganga hajigangi.

Tulijaribu kuzifufua zile diski mpaka jioni. Nilikuwa nimezifuta vizuri sana. Hata hilo nalifanya vizuri. Warona akanawa mikono, akakaa. Akasema kesho niseme mtandao umekatika. Mtandao hukatika kila juma, hakuna atakayeshangaa, Kgosi ataahirisha, nasi tutaandika daftari lingine kwa kukumbuka.

Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na siwezi kudanganya kwamba sikulifikiria wazo hilo. Nililifikiria njia nzima kesho yake, nikiwa nimevaa koti la kijivu, simu mfukoni ikiwa na mtandao mzuri kuliko siku zote.

Watu walikuwa wengi. Kila mmoja alikuja na kiti chake, wanaume mbele, kina mama wakiwa na shali mabegani. Mma Gofaone alizungumza kwanza. Hakutukana. Alisema mumewe alikuwa mtu wa sauti ya chini, na kwamba alitamani aondoke duniani kwa sauti ya chini, na akanyimwa. Kisha akaketi. Afadhali angetukana.

Nikaitwa. Ukuta mweupe ulikuwa mbele yangu, na mashine ya kuonyeshea picha ilikwisha kuwashwa, ikitoa mwanga mtupu. Nikavua kofia. Neno "mtandao" lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi.

"Kgosi, na ninyi nyote mlioketi," nikasema, "mtandao ni mzima. Daftari halipo. Nimelipoteza mimi, Ijumaa, kwa haraka yangu, na nakala yake haipo kwa uzembe wangu. Sina ushahidi wa kuwaonyesha. Na Mma Gofaone nilimwandikia neno baya wakati yuko msibani. Sikuwa na sababu yoyote. Naomba anisamehe hapa mbele yenu."

Hapo mwenye bucha, mteja wangu, akasema kwa sauti ya kusikika hadi langoni: "Wazee, mtunza vya wenzake kapoteza chake! Leo naenda kuandika bei zangu kwa chaki." Watu wakacheka sana. Hata mimi ningecheka. Nikaketi nikijua kwamba uwanja umekwenda, na kwamba Jumamosi ijayo vijana watarudi barabarani, na mmoja wao atakuwa na kaka kama mimi.

Kgosi alikuwa ameshainua mkono ili aseme neno la mwisho. Mma Gofaone akaomba kusimama tena.

"Rra, mimi nilikuja hapa kuufunga uwanja ule," akasema, akimgeukia Kgosi. "Kuna jambo nilikuwa nalijua, nikalificha, maana halikunifaa. Sasa huyu kijana amejisema mwenyewe mbele za watu, na alikuwa na uongo mzuri sana mkononi. Mimi mtu mzima nitanyamazaje?"

Akaeleza kwamba alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika chumba cha majeruhi cha hospitali ya wilaya. Kabla ya uwanja, asubuhi za Jumapili vitanda havikutosha. Alitaja majina ya vijana wa Letsopeng, mmoja mmoja, na baadhi ya mama zao walikuwa wamekaa palepale. Tangu uwanja uanze mpaka alipostaafu mwaka jana, akasema, hakumpokea hata kijana mmoja wa kuzungusha magari. Hakuhitaji ukuta wala taa kulijua hilo.

"Sitaki kelele tunapozika," akamaliza. "Ninachotaka ni hicho tu. Mengine yalikuwa hasira."

Hakuna aliyecheka tena. Kgosi akatoa uamuzi: uwanja utabaki, magari hayatawashwa Jumamosi kabla ya saa sita mchana, na kila panapokuwa na mazishi, vijana wa uwanja wataamkia makaburini na sepetu zao, wachimbe na kufukia pamoja na wengine. Watu wakaitikia "Pula!", yaani mvua, neno letu la baraka, na mkutano ukaisha. Mwenye bucha akanipiga begani akasema ile ya chaki ilikuwa utani, lakini kesho atakuja kuiona nakala yake kwa macho. Nikamwambia ni haki yake.

Nikamfuata Mma Gofaone alipokuwa akikunja kiti chake. Nilitaka kumshukuru, na nilikuwa nimeyapanga maneno yangu sawasawa, kama kawaida yangu. Akanizuia kwa mkono.

"Otsile mwanangu, yule wa mwisho kabisa niliyempokea kutoka barabarani alikuwa Thuso wenu. Mimi ndiye niliyekuwa naye."

Miaka saba sikuwahi kumwuliza mtu yeyote nani alikuwa zamuni. Nilidhani alikufa palepale barabarani. Nilitaka kudhani hivyo.

"Alikuwa anazungumza?" nikauliza.

"Kidogo. Aliniuliza gari limeumia wapi. Nikamwambia ni taa ya mbele tu, itabadilishwa." Akaishika vizuri shali yake. "Akasema, basi afadhali, kaka hatanigombeza sana."

Gari lile lilikatwa katikati ili atolewe. Nami ningemgombeza, najijua. Ningemgombeza hata kwa ile taa.

Nikakaa chini kwenye mchanga wa kgotla, na koti langu la kijivu, watu wakiwa bado wanapita na viti vyao vichwani, nikalia kwa sauti kama mtoto. Mma Gofaone alikikunjua kiti chake tena, akakiweka karibu nami, akaketi kusubiri.