Swali la Tisa

Wanafunzi walimwita Rula, naye hakuchukia. Tangu aanze kufundisha hesabu chuoni alikuwa akipigana na vimemo vya wakubwa, vile vya "mpokee kijana huyu, ni wa kwetu". Mwishowe akashinda. Ukaletwa mtihani wa kuingilia: maswali arobaini ya kuchagua, unasiliba viduara kwa penseli, mashine inasahihisha. Kanuni ya mwisho aliiandika yeye mwenyewe: alama ya mashine haiguswi na mtu. "Mtihani haumjui mtoto wa nani," alikuwa akijigamba, kifua mbele.

Mwaka huu akaufanya mpwa wake, binti wa dada yake mshona mapazia. Tusidanganyane, binti yule alikuwa na kichwa. Tangu mdogo ndiye aliyempigia mama yake hesabu za kukata vitambaa, na vilibaki vipande vya kufutia meza tu. Rula alikataa kumfundisha, asije akanyooshewa kidole. Alimpa neno moja tu, lile analompa kila mtu: "Swali likikushinda, liruke, utalirudia."

Majibu yakatoka. Kumi na tano kwa arobaini.

Rula hakuamini. Akaenda stoo, akatafuta karatasi zake. Kwenye ile ya kukokotolea, binti alikuwa amepata yote isipokuwa la tisa, ambalo aliliruka kama alivyoambiwa. Lakini kwenye karatasi ya kusiliba hakuruka mstari. Jibu la kumi alilisiliba penye tisa, la kumi na moja penye kumi, hivyo hivyo hadi chini, mstari wa arobaini ukabaki mtupu. Rula akakaa juu ya boksi.

Akazipeleka kwa msajili, mama mmoja mtu mzima asiyejua kuzungusha maneno.

"Yule aliyeongoza mwaka jana hakumaliza hata muhula wa pili," msajili alisema. "Huyu wako angemaliza. Sema neno moja tu, Rula, nami nabadilisha."

"Ni mpwa wangu."

"Najua."

Rula akafikiria vimemo vyote alivyovichana. Akajikaza kisabuni, akasema, "Acha ibaki hivyo hivyo." Alitoka mle ofisini akijichukia.

Jioni alikwenda kwa dada yake. Dada hakuinua macho kwenye cherehani. Binti alimpa mjomba wake kiti, naye Rula akamweleza yote, hakumficha kitu.

"Kwa hiyo mnajua kwamba nilipata?" binti aliuliza.

"Tunajua, mama."

"Na bado?"

"Na bado."

Cherehani ikanyamaza. Binti hakulia, na heri angelia. Aliingia ndani akarudi na kijikaratasi.

"Lile la tisa, mjomba, nilikuja kulipata njiani nikirudi nyumbani. Hebu niangalizie."

Mistari mitatu. Rula ndiye aliyelitunga swali lile, na jibu lake mwenyewe lilijaza ukurasa mzima. Akalitafutia kosa, akalitafuta tena, na Mungu amsamehe, safari hii aliomba alipate.

"Ni sahihi?"

"Ni sahihi," alisema.

"Asante, mjomba." Binti akakikunja kijikaratasi, akaenda kumshikia mama yake ncha ya pazia.