Shamba la Nabii Kasi

Kasmiri alikuwa fundi baiskeli kwa mikono na nabii kwa mdomo, na pale Ifakara mdomo ndio uliomlia muda zaidi. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kando ya barabara ya kwenda Kibaoni, jirani na mashine ya kukoboa mpunga. Mteja aliyeleta tairi lenye pancha alijua kwamba kabla halijazibwa atasikiliza kwanza hotuba juu ya kifo cha hip-hop. Wengine waliona bora wakokote baiskeli zao hadi kwa fundi wa sokoni, ambaye hakuwa hodari sana lakini alisifika kwa kunyamaza.

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Ujanani aliishi Dar es Salaam miaka mitatu kwa jina la Nabii Kasi, akarekodi wimbo mmoja, ukapigwa redioni kama miezi miwili, kisha ukasahaulika, naye akarudi kwao na begi lile lile aliloondoka nalo. Historia yenyewe ndiyo hiyo, haizidi hapo. Lakini ukimsikia akiisimulia, ungedhani nchi nzima ilizima majiko isikilize.

Wabishi wenzake walikuwa wawili. Mudathiri, mwenye duka la vifaa vya simu upande wa pili wa barabara, ndiye aliyewajazia madereva nyimbo kwenye flashi, kwa hiyo alijua watu wanasikiliza nini hasa, wala si kile wanachosema wanasikiliza. Wa pili ni Wiliam, dereva wa bajaji mwenye miaka ishirini na miwili, aliyefunga spika kubwa nyuma ya kiti hadi abiria wanene walipanda kwa ubavu.

"Nitajie mstari mmoja," Kasmiri alimwambia Wiliam asubuhi moja ya mwezi wa tano, huku amezamisha tyubu kwenye karai la maji akitafuta tundu. "Mmoja tu, wa hao vijana wako, unaomjenga mtu. Gari, saa, kiuno, halafu gari tena. Wameishiwa."

"Mzee Kasi, mimi nimeendesha bajaji tangu saa kumi na mbili," Wiliam akajibu. "Nikiwasha mziki nataka kupumzika. Nijengwe tena? Kwani mimi banda?"

"Rap bila ujumbe ni pampu iliyopasuka mpira. Kelele nyingi, tairi halijai!"

"Ujumbe siku hizi tunatuma kwa simu."

Mudathiri alicheka mpaka akaweka kikombe chake cha kahawa chini. "Muache, Wiliam. Huyu wimbo wake umebadilisha maisha ya watu. Muulize, ni wangapi?"

Lilikuwa swali la uchokozi, na Kasmiri aliliingia mzima mzima. Alisimama, tyubu ikimchuruzikia maji kwenye suruali, akanyoosha mkono kama anayeapa, akaghani:

"Rudi shamba kijana, mji hauna mama,
Shika jembe, ardhi haimtupi anayeinama!"

"Mvua ikigoma subiri, mvua ikizidi simama," sauti ikamalizia nyuma yake.

Wote wakageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, mweusi wa kuungua na jua, mkononi ana pampu ya kunyunyizia dawa iliyovunjika mshikio. Miguu yake ilikuwa na nyufa zilizojaa udongo ambao sabuni haiuwezi tena.

"Wewe ndiye Nabii Kasi?" akauliza.

Miaka ishirini Kasmiri alikuwa akimngoja mtu huyu bila kujua sura yake. Alimtupia Wiliam jicho la ushindi, akairudisha tyubu karaini, akavuta kigoda akakifuta kwa kiganja. "Ndiye mimi. Karibu, kaka, kaa."

Mgeni akakaa. Akasema anaitwa Ignas, anatoka Malinyi. Zamani alikuwa mfanyakazi wa mashamba ya miwa upande wa Kidatu, ana godoro, ana redio, ana mshahara. Siku moja akausikia wimbo huo. Akausikia tena kesho yake. Mwisho wa mwezi akaacha kazi, akarudi kwao kulima mpunga.

"Mnasikia?" Kasmiri aliwaambia wenzake. "Mnasikia?"

"Mwaka wa kwanza mafuriko yalichukua ekari zote tatu," Ignas akaendelea taratibu. "Mwaka wa pili yakachukua ekari zote tatu na godoro. Ndio nikaanza kukutafuta. Sikujua hata unaishi wapi. Juzi juzi tu mtu akaniambia Nabii Kasi ni fundi baiskeli hapa Ifakara. Mke wangu akasema, ukienda mjini kutengeneza pampu usirudi bila kumwuliza swali moja."

"Uliza tu, kaka."

"Shamba lako wewe liko wapi?"

Mashine ya kukoboa ilikuwa inanguruma hapo jirani, lakini Kasmiri aliapa baadaye kwamba wakati ule ilinyamaza kwa makusudi. Alitazama karai. Tundu lilikuwa bado linatoa mapovu. Shamba hakuwa nalo. La baba yake lilikuwa la kaka yake mkubwa, na yeye tangu alipokimbia kazi ya kupalilia akiwa na miaka kumi na sita hakuwahi kulikanyaga ila siku za misiba. Wali alioula ulitoka dukani, kama wa watu wa Dar.

"Sina," akasema.

Wiliam hakucheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Ignas alitikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu alilolitegemea. Hakukunja ngumi. Alisema tu kwamba mpunga wake unaiva, kwelea-kwelea wametua bondeni kwa malaki, na yeye na mkewe hawatoshi kuamia, yaani kuwafukuza ndege shambani. Kama Nabii ana siku tatu, kuna dungu liko wazi.

Jioni Kasmiri alimweleza mkewe, Yosefina, mwuza vitenge asiyekuwa na muda wa maneno mengi. Alitegemea atamkataza. Yosefina akamtazama kutoka kichwani hadi kwenye ndala. "Baba Stumai, nenda," akasema. "Angalau kwa siku tatu utapiga kelele mahali zinapotakiwa."

Kesho yake yeye na Ignas wakavuka daraja la Kilombero, wakapita Lupiro, wakafika Malinyi. Kabla Kasmiri hajaondoka, Wiliam alikuwa amemkabidhi spika ndogo ya kuchaji, na ndani yake flashi ambayo Mudathiri aliijaza nyimbo mpya tupu. "Ukiishiwa ujumbe," Wiliam alisema, "washa hii."

Dungu lilikuwa jukwaa la miti, juu kama mara mbili ya urefu wa mtu, katikati ya mpunga uliokwisha kuwa wa dhahabu. Kasmiri alilipanda kabla jua halijachomoza, akishikilia ngazi kwa mikono, magoti na, mahali pamoja, kidevu. Katarina, mke wa Ignas, alimtazama kutoka chini. Alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya kutumwa mbali. Alimpa debe, fimbo na maelekezo mafupi: wakija, piga, wakitua, piga zaidi, ukinyamaza, tumekula hasara.

Walikuja kama moshi. Kwanza doa upande wa mto, kisha wingu, kisha mvumo wa mabawa ambao Kasmiri aliusikia kwenye meno. Alipiga debe mara mbili, fimbo ikamponyoka ikaanguka chini. Basi hapo, kwa sababu hakuwa na kingine, alifungua kinywa akaanza wimbo wake, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mistari yote thelathini na miwili, mikono ikirushwa huku na huku kama zamani jukwaani.

Ndege wakanyanyuka. Wingu zima likapinda, likapiga kona juu ya kichwa chake, likaenda zake.

Ilikuwa hadhira kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na iliondoka yote.

"Vizuri, shemeji!" Katarina akapaza sauti. "Umeua!"

Ndege walirudi baada ya robo saa. Akaghani tena. Wakaondoka, wakarudi. Kufika saa tatu sauti ilikuwa imekauka, na ubeti wa tatu, ule wa mshikamano wa Afrika, ulitoka kama mlango unaohitaji mafuta. Kwelea-kwelea walitua mita ishirini kutoka kwake wakaanza kula kwa utulivu wa wageni waliokaribishwa. Kasmiri aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akatoa spika mfukoni, akaiwasha.

Besi ilitetemesha miti ya dungu. Kijana fulani alianza kutaja gari lake, kisha saa yake. Ndege walipaa kama waliotupiwa jiwe.

Katarina alikuja mbio. "Hiyo ni nini? Hiyo nzuri kuliko yako!"

"Shemeji, hiyo haina ujumbe," Kasmiri alinong'ona, maana ndiyo sauti iliyobaki.

"Ujumbe wake ni ondokeni. Hawajauelewa?"

Lakini haki itendeke. Saa moja baadaye ndege walikuwa wameizoea spika, na mmoja alitua juu ya dungu lenyewe, karibu kabisa na besi, akajikuna. Mchana betri ikafa. Wakarudi kwenye debe, Kasmiri akipiga, Katarina akipiga, Ignas akizunguka na kombeo upande wa mtoni, na hakuna aliyeuliza nani ameshinda.

Jua lilipokuwa linashuka na ndege wameenda kulala matetini, watatu hao walikaa chini ya dungu wakila ugali na kambale. Ignas akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, ilikuwaje akaandika maneno yale kama hajawahi kulima.

Kasmiri alikuwa na jibu la swali hilo. Alikuwa amelitoa mara nyingi kibandani, lilihusu mababu na uzalendo. Lakini sauti haikuwepo, na jibu lile lilihitaji sauti.

"Nilikuwa nimepanga chumba Manzese," akasema kwa kunong'ona. "Nilikuwa nimemkumbuka mama, nikaandika mji hauna mama. Ikabaki kutafuta kina. Nikapata inama. Sasa mtu anainama kufanya nini? Nikaona alime."

Ignas aliacha kutafuna. "Kwa hiyo mimi niliacha kazi ya miwa kwa sababu ya kina?"

"Ndiyo."

"Kama ungepata neno lingine?"

"Nilifikiria hama. Wimbo ungekwambia uhame."

Katarina ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akashika mguu wa dungu, akacheka hadi tonge likamdondoka, na kila alipotaka kunyamaza alisema "inama" akaanza upya. Ignas alijizuia kwa muda, kama mwanamume mwenye malalamiko ya miaka ishirini. Kisha mabega yakamsaliti. Kasmiri naye alicheka bila sauti, machozi yakimtoka, na hakujua kama yote yalikuwa ya kicheko.

"Nikwambie na mimi," Ignas alisema walipotulia. "Miwa nilishaichoka kabla yako. Nilikuwa natafuta mtu wa kunisukuma, ili mambo yakiharibika nipate wa kumlaumu. Na mwaka wa tatu nilivuna. Huyu nilimwoa kwa mavuno yale." Akamwonyesha Katarina kwa kidole chenye ugali. "Kwa hiyo nusu nakushukuru, nusu bado nakudai kofi."

"Nipe lote sasa hivi."

"Kesho. Leo umefanya kazi."

Kofi halikuja kesho yake wala kesho kutwa. Siku ya nne Kasmiri alirudi Ifakara akiwa na kiroba cha mpunga begani, viganja vimetoka malengelenge, na hana sauti kabisa. Wateja walifurahi. Kwa wiki nzima pancha zilizibwa kwa muda unaostahili, na fundi wa sokoni alianza kulalamika kwamba kazi imepungua.

Mudathiri na Wiliam walikuja kusikiliza habari, akawaandikia kwenye kipande cha boksi: *Ndege wamekataa nyimbo zote. Zangu na zenu.* Wiliam akalibandika boksi hilo kwenye kioo cha bajaji.

Sauti iliporudi, hakuanza kuhubiri. Si kwamba amekuwa mwema, alikuwa anaandika. Mara ya mwisho kuandika kitu kisichokuwa orodha ya vipuri alikuwa na nywele kichwani. Alikata, akafuta, akamsomea Yosefina, Yosefina akasema endelea, na hilo kwake ni sifa kubwa. Mudathiri akamrekodi kwa simu ndani ya duka, mlango umefungwa, feni imezimwa, jasho likiwatiririka:

"Nilituma watu shamba, nami sijui mpini,
Maji yalipowafika shingo, nabii nilikuwa mjini..."

Wiliam aliupiga kwenye bajaji siku hiyo hiyo. Alisema anaupiga kwa sababu unachekesha, Kasmiri asije akadhani ni kwa sababu ya ujumbe. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda hospitali akauliza huyo mjinga anayeimba ni nani, Wiliam akapunguza mwendo mbele ya kibanda akamwonyesha. Mama akapunga mkono. Kasmiri akapunga na spana.

Kisha akampigia Ignas, akauchezesha wimbo wote simuni. Ignas akasikiliza hadi mwisho.

"Mzuri," akasema. "Ila maji hayakufika shingo. Yalikuwa ya kiuno."

"Mizani, Ignas. Kiuno kinazidisha silabi moja."

"Yalikuwa ya kiuno. Nilikuwepo."

Kasmiri alibishana kwa dakika kumi, kwa hoja nzito, hadi salio likaisha. Akakaa kwenye kigoda akiwa amekasirika. Kisha akavuka barabara, akamwomba Mudathiri afunge mlango tena na kuzima feni, akaurekodi upya. Mstari ukazidi silabi moja, na hadi leo kila ukifika hapo ulimi wake unajikwaa, anakimbizana na mdundo kama mtu aliyeachwa na basi. Wiliam anasema pale ndipo anapopapenda kuliko kwingine kote. Kasmiri bado hajaamua kama hiyo ni sifa.